Nguvu zisizo sawa na uharibifu wa mazingira: dhana hii ina maana gani?

Ukiuliza ni nani anayeharibu mazingira, wengi watakutajia mchoma mkaa. Au mama anayeuza mkaa huo kwa mkebe kando ya barabara, viganja vyeusi, faida ya siku nzima ikiishia kwenye unga na mafuta ya taa. Ni kweli miti hukatwa ili mkaa upatikane. Lakini jibu hilo humwona aliye mbele ya macho na kumsahau anayeamua. Ndipo inapokuja dhana hii: mazingira huharibika zaidi pale ambapo mali na sauti zimelundikana mikononi mwa wachache.

Mwanauchumi wa Marekani James Boyce aliieleza hoja hii mwaka 1994, na maelezo yake bado yananitosha. Kila uchafuzi una anayefaidika, la sivyo usingefanyika. Una pia anayeumia, la sivyo usingekuwa tatizo. Sasa, anayefaidika anawezaje kumtwisha mwenzake hasara hiyo? Huenda anayeumia bado hajazaliwa. Huenda hajui kinachomdhuru. Au anajua vizuri kabisa, ila hana wa kumsikiliza. Waswahili husema mwenye nguvu mpishe. Lakini mtu ampishe aende wapi, iwapo moshi unamfuata mpaka chumbani?

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa, hilo lilikuwa jambo la kila siku. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kilifanya kazi ukutani kabisa mwa nyumba za watu wapatao 3,000. Moshi ulitua juu ya mabati, na maji machafu ya kiwandani yakapita kati ya nyumba. Risasi haina rangi wala harufu ya kukushtua ukiinywa. Huingia kwenye damu, na kwa mtoto hudhuru ubongo unaokua. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, aligundua hilo mtoto wake mchanga alipougua na vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kuwapanga majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Tafakari kidogo: kwa nini kiwanda hicho kilikuwa pale, wala si Nyali, mtaa wa matajiri wa Mombasa, kwenye nyumba za bustani? Malighafi ya betri haichagui mtaa. Aliyechagua alijua kwamba wakaazi wa Owino Uhuru hawana mwanasheria wa kumpigia simu saa mbili asubuhi. Na hata walipolalamika, idara zilizolipwa kuwalinda zilichelewa. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliposoma hukumu Julai 2020, haikuwalaumu wenye kiwanda peke yao; mashirika ya serikali nayo yalibebeshwa sehemu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Njia nyingine ya nguvu hizi haina moshi hata kidogo. Hupitia kwenye karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vya msitu wa Karura, Nairobi, vilikuwa vimeshagawiwa watu binafsi kimyakimya. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipokwenda kupanda mti huko Januari 1999, walinzi waliwapiga yeye na wenzake. Karura ilipona kwa sababu watu walikataa. Msitu wa Mau haukubahatika hivyo. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za msitu huo, unaoulisha mto Mara, Sondu na Njoro, ziliondolewa kwenye hifadhi, eti kwa ajili ya wasio na ardhi. Orodha ya waliopata ilipotolewa mwaka 2009, majina ya wanasiasa na maafisa wakubwa yalikuwemo. Ila wakati wa kuhamishwa ulipofika, waliolala kwenye mahema kando ya barabara walikuwa wakulima wadogo. Kigogo hajengi hema.

Upande mmoja wa dhana hii hausemwi sana, nao unaniudhi kuliko yote. Mwenye nacho akiona mfereji umekauka, anachimba kisima chake. Mto ukinuka, anahamia juu kilimani. Takataka zinazolewa langoni kwake kwa malipo, na hazimhusu tena zinakomwagwa. Hana ubaya wa makusudi, pengine, amejinasua tu. Lakini yeye ndiye ambaye simu yake ingepokelewa na mkurugenzi wa maji, na sasa hana sababu ya kuipiga. Mfereji wa umma umempoteza mtetezi aliyesikilizwa, na waliobaki kwenye foleni na mitungi yao ni wale ambao hata wakipaza sauti, haifiki mbali.

Duniani kwa jumla sura ni hiyo hiyo. Asilimia 10 ya watu matajiri zaidi husababisha karibu nusu ya hewa ukaa inayotokana na matumizi ya binadamu, ilhali mafuriko na ukame huwapata kwanza wasio na akiba.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ndiyo waliyoishikilia watu wa Owino Uhuru. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliipangua hukumu yao, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Risasi haiozi, isiposafishwa, hukaa udongoni. Mtoto aliyezaliwa mtaani mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka 17 siku majaji wa juu walipokubali kwamba mama yake alisema kweli.