Kibarua si mtu asiye na haki

Pita Shimanzi au Changamwe hapa Mombasa asubuhi uone vijana wamejipanga nje ya mageti ya magodauni wangoja nyapara awachague, na ukiwauliza watakwambia mimi ni kibarua tu, sina haki yoyote, nikiambiwa kesho usije basi ndo imeisha. Hii maneno si kweli na yaniuma sana kuona watu wazima waiamini.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yasema kibarua ni mtu alipwaye mwisho wa siku na haajiriwi kwa zaidi ya masaa 24 kwa mpigo. Sasa wewe ushabeba magunia hapo hapo mwezi mzima mfululizo, ama kazi yenyewe si ya kuisha chini ya miezi mitatu ukijumlisha, kifungu cha 37 chasema hapo mkataba wako wageuka, walipwa kama wa mwezi, na kukusimamisha kwataka notisi ya maandishi ya siku 28. Ukimaliza mwaka wadai likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo.

"Lakini sikusaini kitu." Sawa, lakini kuandika mkataba ni jukumu la muajiri, akishindwa kuutoa kortini yeye ndo athibitishe mlikubaliana vipi. Kwa hivo meseji za M-Pesa za malipo usifute, pasi ya geti iweke, na ukifutwa usikae sana manake kesi yatakiwa ifunguliwe ndani ya miaka 3, na korti ya ajira iko hapa hapa Mombasa.