Mikoko hulea samaki, mbona bwawa lililochimbwa ndani yake huwakataa?

Mtu wa pwani haambiwi mahali pa kutafuta samaki wachanga. Vifaranga vya mwatiko, mkizi wadogo na kambamiti wachanga wamo kwenye vijito vya mikoko, kati ya mizizi. Maji huingia na kutoka yenyewe, tope ni zito, chakula hakikosi. Kutoka hapo hoja inajijenga: ikiwa samaki wanakua pale bila kulishwa na mtu, basi kata miti, zungusha tuta, weka mlango wa maji, bwawa limekwisha. Na anayeambiwa asikate mikoko hudhani kinachomzuia ni sheria tu, kwamba serikali inataka miti na yeye anataka samaki.

Hoja hiyo imejaribiwa kwa kiwango kikubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ufilipino ilikuwa na mikoko ipatayo hekta 450,000. Kufikia miaka ya 1990 ilibaki kama 120,000, na mabwawa ya mwatiko na kambamiti ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa ya kilichopotea. Kwetu, mikoko ilikatwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kupisha mabwawa ya majaribio ya kambamiti, ambayo baadaye yaliachwa. Katika miaka ya 1990 pia lilipendekezwa shamba kubwa mno la kambamiti kwenye delta ya Rufiji. Wanavijiji wengi walilipinga, na halikujengwa.

Sheria ipo, na ina sababu zake. Lakini hata kama isingekuwapo, mfugaji mwenyewe angekuwa na sababu ya kuikwepa mikoko, nayo imo ndani ya tope.

Maji ya bahari yana salfeti nyingi, karibu gramu 2.7 katika kila lita. Yanapoingia kwenye tope la mikoko hukutana na majani na mizizi inayooza mahali pasipo na hewa. Bakteria wa humo, kwa kukosa oksijeni, hutumia salfeti badala yake, na kinachobaki ni salfidi. Ndiyo maana ukilikanyaga tope la mikoko linatoa harufu ya yai viza. Salfidi hiyo hushikana na chuma kilichomo kwenye tope na kufanya madini madogo mno yanayoitwa pairiti. Kazi hiyo hufanyika polepole, kwa mamia na maelfu ya miaka, na muda wote tope linapokuwa limelowa madini hayo hayamdhuru yeyote. Kaa wanachimba, kambamiti wanakua, mkoko na mchu wanaota.

Ni sawa na moto uliofukiwa majivuni usiku. Ukipita jikoni huoni kitu. Makaa yapo, yamefunikwa tu, hewa haiyafikii. Asubuhi mtu anafukua, anapuliza kidogo, yanawaka. Anayechimba bwawa ndani ya mikoko hufanya kazi hiyo ya kufukua: tope lililokaa karne nyingi chini ya maji hulitoa, akalirundika tuta, likakauka juani na kupasuka, na kila ufa ukapitisha hewa. Pairiti ikikutana na oksijeni na unyevu hugeuka asidi ya salfa, asidi ile ile iliyomo kwenye betri za magari. Tope lililokuwa na pH ya 7 (hicho ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) laweza kushuka chini ya 4, penginepo hata chini ya 3. Na kama vile makaa yasivyozimika kwa kumwagiwa kikombe kimoja cha maji, asidi hii haiishi kwa kusuuza bwawa mara moja, kwa sababu ndani ya tuta bado imo pairiti ambayo haijafikiwa na hewa.

Matokeo yake humchanganya mfugaji. Kiangazi bwawa linaonekana zuri, kwa sababu maji ya bahari yana pH karibu 8 na uwezo wa kuipunguza asidi makali. Mvua kubwa ya kwanza inaponyesha, asidi inaoshwa kutoka kwenye matuta na kumiminika bwawani, ikiwa imebeba chuma na alumini zilizoyeyuka. Kuna samaki wanaokufa usiku mmoja, matamvua yao yamefunikwa na kutu. Wanaopona hawanenepi, maana fosforasi, kirutubisho cha mimea, hunaswa na chuma na alumini, ukoga wa kijani unaoota kwenye sakafu ya bwawa haustawi, na ukoga huo ndio mlo wa mwatiko. Mfugaji hutia mbolea, na mbolea nayo hunaswa vivyo hivyo. Dawa zipo, yaani kukausha bwawa, kulijaza maji ya bahari na kuyamwaga tena na tena, kisha kutia chokaa, ila huchukua muda na fedha nyingi.

Si mikoko yote iliyo na hatari sawa. Penye mchanga wa matumbawe na vipande vya makombe, chokaa iliyomo ardhini huizima asidi mapema. Tope jeusi, zito, lililojaa nyuzi za mizizi, hasa kwenye midomo ya mito inayoleta udongo wenye chuma, ndilo la kuogopwa zaidi. Na hata asidi isipokuwapo, mizizi iliyozikwa ndani ya tuta huoza na kuacha mianya inayovujisha maji, na kaa huongeza mashimo yao.

Basi bwawa lichimbwe wapi? Mara nyingi nyuma ya mikoko, kwenye wangwa, ule uwanda mtupu wa chumvi ambao maji huufikia wakati wa bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Miti inabaki mbele ikikinga tuta dhidi ya mawimbi. Kinachoamua hapo ni kimo cha ardhi. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, ilhali maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua, huchezea karibu mita 1. Sakafu ya bwawa ikiwa chini mno, haikauki hata maji yakipwa, nawe huwezi kuvuna wala kulisafisha. Ikiwa juu mno, bwawa linajazwa siku chache tu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku nyingine zote unasubiri au unanunua mafuta ya pampu.

Wangwa nao una gharama yake. Kwa kuwa maji mapya huingia kwa nadra, miezi ya kaskazi jua hukausha bwawa na chumvi kupanda kupita ya bahari, ambayo ni gramu 35 hivi kwa lita. Mwatiko huvumilia hilo, na huvumilia pia maji karibu matamu ya masika. Kambamiti hupenda chumvi ya wastani, gramu 15 hadi 25. Ndiyo maana mtu aliyekwisha amua kufuga kambamiti kabla ya kuiona ardhi yake ameanzia mwisho.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo mikubwa. Chimba shimo linalopita kimo cha sakafu unayoitaka. Finyanga bonge la udongo mbichi, lirushe juu kama nusu mita na ulidake: likisambaratika, mchanga ni mwingi na maji yatapotea. Kisha chukua tope la kila tabaka, pima pH siku hiyo hiyo, litandaze jembamba kwenye sahani, liweke kivulini penye hewa na ulinyunyizie maji lisikauke kabisa. Pima tena baada ya wiki 8. Lililoanza na 7 likabaki hapo hapo ni salama. Lililoshuka hadi 4 au chini yake, au lililotoa mabaka ya manjano hafifu, lifukie lilikotoka, na ukachimbe shimo jingine juu zaidi.