Mapitio ya mahakama: ukizuiwa ghafla kupita na chombo chako, jaji anaangalia nini

Mapitio ya mahakama ni pale unapoiomba Mahakama Kuu iuangalie uamuzi wa kiongozi au ofisi ya umma, uamuzi ulitolewaje, na aliyeutoa alikuwa na mamlaka hayo kweli au alijipa tu. Sio rufaa. Hapa ndo wengi wanachanganya, wanadhani jaji atasema kama katazo ni zuri au baya kwa wananchi, hapana, jaji hakai kwenye kiti cha mkuu wa wilaya wala cha mkurugenzi, yeye anaangalia njia iliyotumika mpaka katazo likatoka.

Tuchukue mfano wa kutunga hapa hapa Kigoma. Gari la matangazo linapita Mwanga, Gungu mpaka Ujiji linasema kuanzia kesho hamna pikapu ya mtu binafsi wala pikipiki kushuka mwalo wa Kibirizi kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 1 asubuhi, ukikamatwa chombo kinalala polisi na faini laki moja. Sasa kila anayeijua Kibirizi anajua dagaa wanaingia alfajiri, mama anayechukua mzigo wake na kapikapu ka mume wake akisubiri saa 1 anakuta walionunua mapema wameshamaliza, na hapo hujamgusa mtu mwenye mgonjwa saa 8 usiku anayetaka kumfikisha hospitali ya Maweni. Katazo kama hilo linaumiza watu wa kweli, ndo maana nataka tuelewe linahojiwa vipi.

Swali la kwanza na zito kuliko yote ni mamlaka. Hiyo faini ya laki moja imetoka sheria gani? Halmashauri inaruhusiwa kutunga sheria ndogo lakini ina hatua zake, wananchi wajulishwe watoe maoni yao, madiwani wapitishe, waziri aridhie, halafu itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Mkuu wa wilaya naye ana madaraka ya kusimamia amani chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, ila kusimamia amani na kujitungia faini ni vitu viwili tofauti kabisa. Kama hatua hazikufuatwa, hata nia ingekuwa njema kiasi gani, katazo linaweza kutenguliwa.

Kuna suala la kusikilizwa pia, Katiba ibara ya 13(6)(a) inalitaja. Kwa maoni yangu kwenye katazo la watu wote hoja hii ni nyepesi kidogo, inakuwa na nguvu sana pale wewe mwenyewe umefutiwa leseni ya bodaboda au bajaji bila kuitwa ujieleze. Halafu kuna ukomo wa busara, yaani uamuzi ambao hakuna kiongozi mwenye akili timamu angeufikia, au aliyeamua ameacha kuangalia jambo la msingi kama hiyo ratiba ya dagaa, au ameingiza jambo lisilohusika kama ugomvi wake na wenye vyombo. Mahakama ya Rufani ilishazitaja sababu hizi kwenye kesi ya Sanai Murumbe dhidi ya Muhere Chacha, 1990, na mawakili wanaitumia mpaka leo.

Ukishinda, mahakama inaweza kuutengua uamuzi, kuizuia ofisi isiendelee, au kuilazimisha ifanye kazi iliyokuwa inaikwepa.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msome taratibu kwa sababu watu wanapotezea haki zao hapa. Hauingii moja kwa moja, kwanza unaomba kibali, na unatakiwa ukiombe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa, ukikipata una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Hizo ni kanuni za 2014. Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaitwa kwenye shauri. Jaji akielekeza hivyo, kibali chenyewe kinasimamisha katazo mpaka kesi iishe, kwa hiyo wakili wako aliombe hilo mapema asisubiri. Na tafadhali tafuteni karatasi, tangazo lililobandikwa, barua, risiti ya faini, maana mahakama haiwezi kutengua kitu ambacho haikioni, amri ya mdomo inasumbua sana kuithibitisha. Pia kama sheria imekupa pa kulalamika kwanza, mfano maamuzi ya LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kuhusu leseni, pitia huko kwanza la sivyo utaambiwa umeruka ngazi. Kwa sisi wa Kigoma Mahakama Kuu ipo hapa hapa, na Tabora wana yao.

Kuna kitu watu hawaambiwi. Ukishinda, ofisi hiyo hiyo inaweza kulirudisha katazo, safari hii kwa kufuata hatua zote, na hapo hoja ya hatua haipo tena. Bado ni bora, maana kwenye hizo hatua ndo mtu wa Kibirizi anapata nafasi ya kusema saa ngapi dagaa wanafika.

Na fidia usiitegemee humu. Pikipiki iliyokaa polisi mwezi mzima, mzigo uliooza, hayo ni madai ya kesi ya kawaida, na ukiidai serikali kwa njia hiyo unatakiwa kwanza utoe notisi ya siku 90.