Sakulenti: mmea unaojiwekea maji

Sakulenti ni mmea wowote unaojiwekea akiba ya maji mwilini ili uvuke kiangazi. Mshubiri huyaweka kwenye majani, mpungate kwenye shina, na mingine kwenye mizizi. Jina hili halitaji ukoo, linataja namna ya kuishi. Ndiyo maana mimea isiyo na undugu wa karibu huishia kufanana, na watu wakaita kila chenye miiba kaktasi.

Kaktasi (jamii ya mpungate) na euforbia (jamii ya mnyaa) ndizo zinazochanganywa zaidi. Kaktasi asili yake ni bara la Amerika; ni spishi moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota kiasili pia Afrika na Sri Lanka. Usihesabu miiba, tazama inakotokea. Ya kaktasi huchomoza kwenye kivimbe kidogo chenye manyoya, mfano wa kimto cha sufi, na mimea mingine haina kitu hicho. Euforbia ikikwaruzwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, lakini tafadhali usiikate ili kuitambua: utomvu huo huwasha ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya. Tena zipo kaktasi za jenasi Mammillaria zenye maziwa, kwa hiyo kipimo chenyewe hudanganya.

Mshubiri na mkonge ni rahisi zaidi. Jani la mshubiri limejaa ute, la mkonge limejaa nyuzi. Mshubiri ukikomaa huchanua mwaka hadi mwaka, ilhali mkonge huchanua mara moja, kisha hufa.

Kwenye mbegu ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba mmea wa jangwani hupenda ukavu tangu siku ya kwanza. Mche mchanga bado hauna akiba yoyote. Ukikauka siku moja tu, unaweza kufa. Mbegu nyingi ni ndogo kama vumbi, basi usizifukie: zinyunyizie juu ya mchanganyiko wenye changarawe ndogo na mchanga mwingi kuliko udongo, uliokwisha kulowana. Funika chombo kwa plastiki inayopitisha mwanga, ukiweke mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 25, pasipopigwa na jua kali. Kaktasi nyingi huota ndani ya wiki tatu, zikiwa vidonge vya kijani visivyofanana hata kidogo na mama yao. Adui mkubwa hapo ni kuvu, kwa hiyo miche ikishatokea, fungua plastiki kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka izoee hewa.

Andika jina na tarehe kwenye kila chombo, maana miche michanga hufanana mno. Na kama mbegu umeichuma kwenye bustani yenye spishi nyingi za jamii moja, huenda nyuki wamekwisha kuzichanganya, na kitakachoota ni chotara. Anayetaka mmea uleule hasa achukue chipukizi au kipande cha shina.