Je, wajua kwa nini diski ya seva iliyotupwa stoo inaweza kufungua ofisi nzima?

Ofisi nyingi zinazotumia Windows husimamia watumiaji wake kwa Active Directory, mfumo uliokuja na Windows 2000. Akaunti zote, za karani na za mkurugenzi, pamoja na siri za nywila zao, zimo katika faili moja: ntds.dit.

Seva ikiwa inafanya kazi, ukijaribu kulinakili faili hilo kawaida utakataliwa, maana mfumo umelishikilia. Hapo ndipo wengi hujiona salama. Lakini je, bakapu iliyosahaulika droo? Je, ile seva chakavu? Chomeka diski yake kwenye kompyuta nyingine, hakuna tena wa kulishikilia. Siri zilizomo zimefungwa kwa ufunguo, ni kweli, ila ufunguo huo hupatikana katika faili liitwalo SYSTEM, kwenye diski hiyohiyo. Kufuli na ufunguo mfuko mmoja!

Nywila zenyewe hazihifadhiwi zilivyo. Husagwa kwanza, na unga haurudi kuwa mahindi. Shida ni kinu cha zamani. Hadi Windows Server 2003, seva ilihifadhi pia unga wa mtindo wa LM: herufi hugeuzwa kubwa zote, kisha nywila hukatwa vipande vya herufi saba. Nyumbani2003 huwa NYUMBAN na I2003, na kila kipande hukisiwa peke yake, kazi nyepesi kwa kompyuta za leo. Toleo la 2008 lilikuja kinu hicho kikiwa kimezimwa. Mtindo wa NT uliobaki nao hauna chumvi (ndivyo wataalamu wanavyoita kitu cha nasibu kinachochanganywa na nywila kabla ya kusagwa): wawili wenye nywila moja hupata unga uleule. Tena mvamizi mara nyingi hahitaji kukisia chochote. Huduma nyingi za zamani huupokea unga wenyewe badala ya nywila.

Kwa hiyo bakapu ifungwe kwa usimbaji, ufunguo ukae mbali nayo. Seva iwekewe BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski nzima, iliyopo tangu toleo la 2008, na diski inayostaafu ifutwe kabisa au ivunjwe.

Faili likishavuja, kubadilisha nywila za wafanyakazi pekee hakutoshi. Kuna akaunti ya krbtgt, inayotia muhuri tiketi zote za kuingilia. Nywila yake hubadilishwa mara mbili, kwa sababu mfumo huikumbuka pia ile iliyotangulia, na kati ya mara hizo husubiriwa saa 10 au zaidi, ili tiketi halali zilizokwisha kutolewa ziishe muda wake.