Je, wajua programu hutambuaje kuwa faili imeisha?

Mwanafunzi wa kompyuta jijini Nairobi anaandika programu kwa lugha ya C, ya kujumlisha mauzo ya muuza mitumba wa Gikomba. Faili ina mistari mitatu: 300, 450 na 200. Jumla ni 950, lakini programu inatoa 1,150. Ile 200 ya mwisho imehesabiwa mara mbili.

Wengi hudhani kila faili hufungwa na alama ya siri. Katika Linux au Windows, hakuna. Mfumo endeshi huandika ukubwa wa faili kwa baiti, kando na data yenyewe. Programu ikiomba kusoma, Linux huijibu imepata baiti ngapi. Jibu likiwa sifuri, faili imeisha. Ni kama kuchota maji mtungini gizani: hujui yameisha mpaka kata itoke tupu.

Mwanafunzi wetu aliuliza kabla ya kuchota. Kitanzi chake, yaani sehemu ya programu inayojirudia, kinaanza kwa feof, amri ya C ya kuulizia mwisho wa faili, nayo haitazami mbele. Inasema tu kama usomaji uliopita uligonga mwisho. Baada ya 200 bado kuna alama ya mstari mpya, kwa hiyo feof inajibu "bado". Programu inasoma tena, inakosa namba, kisha inajumlisha 200 iliyobaki kwenye kumbukumbu. Dawa ni kukagua jibu la fscanf, amri yenyewe inayosoma namba: ikirudisha 1, yaani imepata namba moja, jumlisha, la sivyo, toka. (Eof ya Pascal, lugha nyingine ya programu, huchungulia mbele, basi aliyetoka huko ana udhuru.)

Hiyo dhana ya alama ina asili yake. CP/M, mfumo wa miaka ya 1970, ulipima faili kwa vipande vya baiti 128. Maandishi ya baiti 130 yalichukua vipande viwili, na nafasi iliyobaki ilikuwa takataka. Ndipo herufi namba 26, yaani Ctrl-Z, ikawekwa pale maandishi yanapokoma. MS-DOS, mfumo wa Microsoft, ikairithi mwaka 1981.

Na EOF ("mwisho wa faili") ya C? Hiyo haimo kwenye faili. Ni namba hasi, kwa kawaida -1. Baiti ina thamani 256, kuanzia 0 hadi 255, na zote zaweza kuwa data halali. Ndiyo maana getchar, amri ya kusoma herufi moja, hurudisha int, aina ya namba yenye nafasi kuliko baiti. Ukihifadhi jibu lake kwenye char, aina yenye ukubwa wa baiti moja tu, kutegemea kompyuta, ama baiti 255 itadhaniwa ni mwisho, ama kitanzi hakitakoma kamwe.