Cha kienyeji, cha asili, cha kilimo hai: mambo matatu, si moja

Siku hizi ukitaka kuuza chochote kinacholiwa hapa Unguja, unakibandika maneno matatu: cha kienyeji, cha asili, cha kilimo hai. Yako kwenye mbao za mikahawa, kwenye mabango ya semina, kwenye makundi ya WhatsApp ya wauza mayai. Na kila mara yanatajwa kama kitu kimoja chenye lakabu mbili. Juzi nimesikia redioni mtu akisema "vyakula vya kienyeji, yaani vile vya asili", na mwendesha kipindi akaitikia "hasa!" Nikaona basi, bora tuandikiane.

Chakula cha kienyeji ni kile kinacholimwa, kufugwa au kuvuliwa na watu wa mahali, mbegu na zana zikiwa mikononi mwao, kikaliwa kwanza hapo hapo na ziada ndiyo iende sokoni. Cha asili ni habari ya ukoo wa mmea au mnyama, yaani ulianzia pembe gani ya dunia. Kilimo hai ni habari ya namna ya kulima, na hiyo ina kanuni zake zilizoandikwa: Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake mwaka 2007, pamoja na nembo yenyewe ya Kilimohai. Asiyetia dawa kwa sababu hana pesa ya dawa hajawa mkulima wa kilimo hai, kama vile asiyekula mchana kwa kukosa hajawa amefunga. Na kitu kinaweza kuwa na sifa moja bila ya nyingine. Viungo vinavyotoka hapa na cheti cha kilimo hai kwenda Ulaya vimelimwa kwa kanuni zote, lakini mdalasini si mti wa asili ya Zanzibar, na ule uliomo ndani ya boksi la kusafirishwa hauliwi na mtu wa hapa.

Hapo ningemaliza, ila lipo moja linaloniudhi kuliko yote, nalo ni hili la kusema: "Mchele tumeletewa, tuuache, turudi kwenye asili yetu, muhogo." Husemwa kwa sauti ya hekima kabisa, na mara nyingi na mtu ambaye mchana huo amekula wali.

Twende Pemba kaskazini, Tumbe na Chwaka. Nasema Chwaka ya Pemba, ile yenye magofu, si ya Unguja ya kusini. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamechuja udongo wa sehemu hizo mbili wakatafuta punje zilizoungua jikoni karne nyingi zilizopita, maana punje iliyoungua haiozi. Tumbe, kwenye tabaka za kabla ya mwaka 1000, nafaka iliyotawala ilikuwa mawele. Chwaka, kuanzia karne ya 11 kuendelea, mawele yanapungua na mpunga unashika nafasi. Yaani mji ulipokua, misikiti ya mawe ikajengwa na wageni wakaongezeka, Wapemba waligeukia wali. Mpunga ule kwa asili ni wa Asia, sawa. Lakini ulilimwa kwenye mabonde yao, na mikono yao, ukapikwa kwenye vyungu vyao.

Muhogo nao? Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Ulivushwa bahari na Wareno, na Wareno kwa mara ya kwanza walipita mwambao huu mwaka 1498. Kwa hiyo wali ulishaliwa Pemba karne nne na zaidi kabla ya mtu yeyote wa huku kuliona jani la kisamvu. Na hao Wareno walipokaa Mombasa, sehemu ya mchele wa kulisha mji ule ulikuwa ukitoka Pemba kwa majahazi. Kisiwa tunachoambiwa leo kimezoeshwa mchele wa meli ndicho kilichokuwa kikiwalisha wengine mchele.

Sasa imekuwaje hesabu ikageuka? Karafuu. Mkarafuu nao ni mgeni, wa visiwa vya Maluku, ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Ardhi nzuri ikaenda kwenye karafuu. Watumwa waliofanyishwa kazi mashambani walipewa vipande vya kujilimia chakula chao, na kitu kinachotoka bila ya matunzo mengi, kikangoja ardhini mpaka mtu apate siku ya kuvuna, ni muhogo. Mchele ukawa unaletwa na vyombo kutoka nje. Kimbunga cha mwaka 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi zikawa za Pemba. Maana yake Pemba nayo, ile ghala ya mchele, ikawa inauza karafuu na kununua chakula. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942 mchele wa huko ukakatika, na watu wa visiwani wakasukumwa kwenye muhogo na viazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uagizaji ulipobanwa, wakarudi huko huko. Vizazi viwili mfululizo viliuona mchele ukipotea meli zisipokuja na muhogo ukibaki nyuma ya nyumba. Ndipo mchele ukaonekana wa kuja na muhogo wa kuzaliwa nao. Dhana hiyo ina sababu yake, siwalaumu wazee. Ninachokataa ni kuiita "asili".

Na hapa wengine huteleza upande wa pili. Wakishasikia muhogo umetoka Amerika husema: basi hata muhogo si wetu, hakuna cha kienyeji hapa. Hapana. Muhogo ni wa kienyeji moja kwa moja, kuliko chochote kilichomo kwenye sahani yako. Tazama unavyokwenda. Mtu akivuna, miti haitupi, huilaza kivulini chini ya mwembe, imefungwa kwa kamba ya majani ya mgomba. Jirani anapita: "Bibi, naomba mbegu." "Chukua, baba, ila ule wa upande huu mchungu kidogo, usiwape watoto wakatafuna mbichi." Anaukata vipande vya kama shibiri moja, anaangalia macho yamesimama upande gani, anachomeka. Hakulipa, na mwakani ataombwa yeye. Hata konde alilochomeka huenda si lake: juu mikarafuu ya mtu mwengine, chini muhogo wa kwake, na ardhi yenyewe eka tatu alizopewa mwengine kabisa baada ya Mapinduzi. Kwetu kumiliki mti na kumiliki ardhi ni mambo mbali mbali, na kuazima pa kulima ni jambo la kawaida. Huko kuombana na kuazimana ndiko kunakokifanya chakula kiwe cha watu wa mahali.

Lakini tusitie sukari. Mbegu hiyo hiyo ya kuombana ndiyo inayotembeza maradhi. Unakata muhogo uliovuta macho kwa unene, ndani umeoza madoa ya kahawia, mkavu kama gome. Ile ni michirizi ya kahawia, na ukipanda mti wake umepanda ugonjwa. Kituo cha utafiti cha Kizimbani kilitafuta dawa ya jambo hilo miaka mingi, na mwaka 2007 zikatolewa mbegu nne zinazovumilia maradhi: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Majina ya vijiji vya hapa hapa. Mbegu hizo zimetoka kwa watafiti, si kwa bibi, na siku ya kwanza zilikuwa ngeni kwa kila mkulima. Leo zinaombwa kwa majina, zinakatwa shibiri shibiri, zinalazwa chini ya mwembe. Zimekuwa za kienyeji bila ya kuwa za asili hata siku moja. Shelisheli ndivyo hivyo hivyo, tena jina lake lenyewe limebeba visiwa lilikopitia, na nani Pemba atakwambia shelisheli si lake?

Sasa chukua upande wa pili, pilau. Hakuna shughuli ya hapa bila ya pilau, na mgeni akiuliza chakula cha kienyeji ndilo la kwanza kuletewa. Lipekue. Mchele umetoka Pakistani au Mbeya. Mbatata na vitunguu vimevushwa na boti kutoka bara. Bizari ya pilau, ile nyembamba ambayo bila yake hakuna harufu, haioti hapa, huja kwenye magunia kutoka nje. Vya hapa ni mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, na pengine nyama. Pilau ni pishi la Kizanzibari, hilo halina mjadala, na anayelipika vizuri anastahili heshima yake. Lakini pishi ni ujuzi wa mikono, na chakula cha kienyeji ni habari ya konde, mbegu na nani anakula na nani. Unaweza kuwa na la kwanza bila ya la pili. Visiwa hivi vimekuwa hivyo kwa muda mrefu sasa.

Na mashehe wana neno lao hapa, nalo ni sahihi kuliko la wenye semina. Kwenye madhehebu ya Shafi, zaka ya fitri hutolewa kwa chakula kinacholiwa zaidi na watu wa mji, pishi moja kwa kila kichwa. Hawaulizi kimeanzia wapi, wala nani kakilima. Kwa hiyo hapa tunatoa mchele, hata ukiwa wa mapembe, yaani ule wa kawaida uliotoka melini, na zaka inasihi. Hicho ni chakula kikuu. Ni kipimo cha nne kwa wanaopenda kuhesabu, nacho pia si sawa na cha kienyeji.

Zaka ya mavuno ndiyo iliyo karibu zaidi na maana ninayoisemea. Aliyelima bonde la mpunga kwa mvua, mavuno yake yakifika kiwango, hutoa sehemu moja ya kumi. Aliyegharimia maji ya kumwagilia hutoa moja ya ishirini. Kabla ya hapo mpunga huo umeshawalisha wengi. Watoto wamekaa juu ya dungu kuamia ndege asubuhi kabla ya skuli, wanawake wamekuja kusaidia kuvuna na kila mmoja kaondoka na fungu lake, jirani mgonjwa kapelekewa kawa ya wali wa mchele mpya. Kinachobaki kinaingia kwenye polo, na pengine polo moja linakwenda sokoni Chake Chake. Mchele huo una punje zilizovunjika na vijiwe vya kuchagua kwenye ungo, na bei yake kwa kawaida huwa juu ya ule wa meli, jambo linalowashangaza wanaodhani "kienyeji" maana yake rahisi.

Kwa hiyo siku nyengine mtu akisema tuache wali turudi kwenye asili, mwambie kwa upole kuwa mchele wa bonde la Pemba ni wa kienyeji na mchele wa melini si wa kienyeji, na yote miwili kwa asili ni ya Asia. Muhogo wa jirani ni wa kienyeji na kwa asili ni wa Amerika. Akitaka kipimo kimoja cha haraka, amuulize muuzaji: "Mbegu ya hiki nikiitaka mwakani, nikamuombe nani?" Akitajiwa mtu na mtaa wake, aseme cha kienyeji. Akitajiwa duka, atumie neno jengine, yapo mengi.